Bungalo kuukuu za kisiwani: mwenye hoteli hajali, au bahari ndiyo inazila?

#1 Mtoro wa Ofisi

Wakuu, kwema?

Nimerudi kisiwani juzi. Kisiwa sikitaji, maana nikikitaja na hoteli itajulikana, na sitaki kumharibia mtu riziki. Ni vibungalo vichache mbele ya bahari, makuti juu, kila kimoja na kibaraza chake. Funguo imefungwa kwenye kifuu cha nazi ili usiondoke nayo mfukoni. Ndani kuna kitanda, chandarua, pangaboi, na kioo kilichoota madoa meusi pembeni. Basi.

Malalamiko yangu: maji ya bafuni yana chumvi na sabuni haitoi povu. Pangaboi hata ukiliweka mwisho linazunguka kwa kujifikiria. Kitasa cha mlango kimeliwa na kutu mpaka kinamung'unyika mkononi. Shuka ni safi lakini zina uvundo kwa mbali. Na usiku wa manane kuna kitu kinatembea juu ya paa. Hakikimbii, kinatembea, hatua kwa hatua.

Pamoja na yote hayo nililala usingizi ambao nyumbani siupati. Usiku mmoja nikahamia hoteli mpya ya jirani, ya vioo na viyoyozi, nikagaagaa mpaka alfajiri. Na wageni niliowakuta pale kwenye vibanda wengi ni wa kurudi. Kuna mzee anajua mpaka ubao upi wa kibaraza usikanyagwe.

Swali langu: hoteli hizi zinachoka kwa sababu mwenyewe hajali, au bahari ndiyo inazila? Na kama zimechoka hivyo, watu wanarudia nini?

#2 Pweza Mkavu

Nimeweka kambi hapa. Picha tafadhali.

#3 Kaka Mizani

Mwenyewe hajali, mjadala umeisha. Kitasa kinabadilishwa kwa bisibisi na robo saa. Mtu anapokea wageni kila mwaka halafu anashindwa kitasa? Msimtafutie visingizio vya bahari.

#4 Fundi Koleo

Kaka Mizani, wewe hujawahi kufunga kitasa ufukweni.

Mawimbi yakipasuka kwenye mwamba yanarusha vumbi la maji ya chumvi, upepo unalibeba mpaka chumbani. Maji yanakauka, chumvi inabaki juu ya chuma. Chumvi nayo inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo hata siku isiyo na mvua kile chuma kimelowa, wewe tu hukioni. Ukienda dukani unauziwa chuma "kisichoshika kutu", unakifunga, baada ya muda kinaanza madoa ya kahawia. Kinachostahimili bahari ni daraja la 316, lenye madini ya molibdenamu ndani. Kilichojaa madukani ni 304. Viweke mezani pamoja, kwa macho huwezi kuvitofautisha.

Na kitasa ni jambo dogo. Angalieni nguzo za zege. Kama zege lilichanganywa na mchanga wa pwani usiooshwa, nondo zinaoza ndani kwa ndani. Kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, basi zege linapasuka kufuata urefu wa nondo. Ukiona ufa ulionyooka kwenye nguzo na majimaji ya kahawia yanachuruzika, usimwite fundi wa rangi. Amekuja kuficha tu.

#5 Kaka Mizani

Fundi, umeeleza vizuri ila umenisaidia mimi. Kama chumvi inajulikana tangu enzi, mwenye hoteli naye anaijua. Anajua kuna 316 na ananunua 304. Huko ndiko kutojali kwenyewe.

#6 Niliyekuwa Mapokezi

Naomba nitie neno, nimefanya kazi hoteli ya aina hiyo hiyo, kisiwa kingine.

Kutojali kupo, siwezi kumtetea kila bosi. Ila hesabu ya matengenezo pale haifanani na ya nyumba ya kawaida. Tulikuwa tunaanza kupaka vanishi milango ya kibanda cha kwanza, tukifika cha mwisho ile ya kwanza imeshababuka. Magodoro yanatolewa juani kila mgeni akiondoka, na mvua ikishika wiki nzima hayatoki, ndipo huo uvundo unapoanzia. Makuti yanadumu miaka 5 hadi 7 yakisukwa vizuri, na hayazeeki siku moja: kila mwaka kuna paa linalovuja.

Kitu ambacho mgeni hakioni ni karatasi. Ardhi ilikuwa ya kukodi na muda uliobaki ulikuwa mfupi. Bosi akasema wazi: simwagi zege kwenye ardhi ambayo kesho si yangu. Na yeye mwenyewe alikuwa na ndugu zake wenye sehemu humo, kila mmoja anataka mgao, hakuna anayetaka kununua bomba. Mwaka wa wageni wengi pesa iligawanywa. Mwaka wa wageni wachache hakukuwa na cha kugawa wala cha kutengenezea.

#7 Kibiriti Ngoma

Dada #6 umemaliza. Urithi unaua majengo kuliko chumvi. Fundi atakataa.

#8 Fundi Koleo

Sikatai. Ila ndugu wakigombana bara, nyumba inasubiri mpaka wapatane. Wakigombana ufukweni, wakija kupatana wanakuta nguzo.

#9 Mwalimu wa Ramani

Mleta uzi, tugeukie maji yako ya bafuni, maana hapo hakuna anayelaumiwa moja kwa moja.

Kisiwa kidogo cha matumbawe au mchanga mara nyingi hakina mto. Mvua inazama ardhini, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, yanaelea juu yake humo humo chini, yamenenepa katikati ya kisiwa na kuwa membamba pembeni. Badon Ghijben wa Uholanzi aliliandika jambo hili mwishoni mwa karne ya 19, na Herzberg wa Ujerumani akalifikia kivyake mwaka 1901. Hesabu yao: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini yake. Igeuze sasa: ukipampu ukashusha maji ya kisima kwa nusu mita tu, chumvi ya chini inaweza kupanda kwa mita 20.

Hoteli za zamani zilichimba kisima hapo hapo ufukweni, yaani pale maji matamu yalipo membamba kabisa. Enzi hizo walichota kwa ndoo, kisima kikastahimili. Likaja pampu, zikaja bafu za mvua, ikaja hoteli jirani yenye bwawa la kuogelea. Chumvi ikapanda.

#10 Fundi Koleo

Mwalimu, kuhusu chumvi tuko pamoja. Ila povu ni kesi nyingine. Mwamba wa matumbawe ni chokaa tupu, na maji yakipita humo yanakuwa magumu. Maji magumu yanakataa povu hata kama hayana chumvi hata chembe. Mtoro, ulionja? Na birika la chumbani lilikuwa na ukoko mweupe chini?

#11 Mtoro wa Ofisi

Birika lina ukoko mnene mpaka unakwanguka. Kuonja: asubuhi maji yanasahaulika ladha, jioni wageni wakirudi kuoga ndipo chumvi inakolea.

#12 Mwalimu wa Ramani

Hiyo ya jioni ni pampu. Usiku kisima kinapumzika, maji matamu yanajirudi.

#13 Shemeji wa Kaskazi

Au ni maji kujaa. Kisima cha ufukweni kinapanda na kushuka pamoja na bahari. Mleta uzi angetuambia jioni hizo maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa, ndipo tujue.

#14 Pweza Mkavu

Watu wanampima mwenzao kisima kwa simu. Picha bado.

#15 Nahodha wa Nchi Kavu

Shemeji kanipa wazo. Mtoro amekataa kutaja kisiwa, sasa mimi nitakitafuta kwa bahari yake. Mtoro, jibu mawili tu: maji yakipwa yanatoka mbali? Na siku za mwezi mpevu yalifika wapi?

#16 Mtoro wa Ofisi

Yakipwa unatembea mpaka unachoka, boti zinalala ubavu mchangani. Mwezi mpevu ulinikuta huko, maji yakapanda mpaka ngazi ya mwisho ya kibaraza.

#17 Nahodha wa Nchi Kavu

Basi tumeshafuta nusu ya dunia. Maldives maji yanapanda na kushuka kama mita 1 tu. Visiwa vingi vya Karibi hayafiki hata hapo. Tahiti bahari haijui kujaa wala kupwa. Mahali ambapo boti zinalala ubavu ni huku kwetu magharibi ya Bahari ya Hindi, ambako bamvua, yaani kujaa na kupwa kukubwa kuliko siku nyingine, linakaribia mita 4. Unguja, Pemba, Mafia, Komoro, au kaskazini magharibi ya Madagaska.

#18 Mwalimu wa Ramani

Nahodha, Tahiti inajua. Yanapanda kama sentimita 30 hivi, na cha ajabu ni saa zake: maji yanajaa karibu na saa sita mchana na saa sita usiku, siku zote. Kwingine kujaa kunachelewa kama dakika 50 kila siku kwa kufuata mwezi. Pale mvuto wa mwezi karibu unajifuta wenyewe, likabaki jua.

Na bamvua kubwa kwa kawaida halifiki siku yenyewe ya mwezi mpevu. Linakuja siku moja au mbili baadaye. Kwa hiyo Mtoro, kama ulihama hoteli kabla, hukuyaona yenyewe.

#19 Mtoro wa Ofisi

Mnanitisha. Na kisiwa hamkipati.

#20 Mama Kibaraza

Jamani nimesoma uzi wote na hakuna aliyejibu swali zuri kuliko yote: kwa nini alilala? Naanza mimi. Kibanda cha zamani kina dirisha mbele na dirisha nyuma. Upepo wa mchana unatoka baharini. Usiku nchi inapoa kuliko bahari, upepo unageuka, unatoka nchi kavu kwenda baharini. Chumba chenye tundu pande zote mbili kinaupokea wowote unaokuja. Hoteli ya kioo ina ukuta mmoja wa kutazamia bahari, nyuma kuna korido. Ukizima kiyoyozi umejifungia ndani ya chupa.

#21 Mwalimu wa Ramani

Kweli, ila kisiwa kikiwa chembamba huo upepo wa nchi kavu ni dhaifu. Kisiwa cha nusu kilomita hakina nchi ya kutosha kupoa. Hapo kinachofanya kazi ni upepo wa msimu, kaskazi au kusi.

#22 Fundi Koleo

Naongeza paa. Bati linakunywa jua mchana kutwa na kukutemea kichwani mpaka usiku. Makuti mazito yameshika hewa ndani yake, joto halipiti upesi, na joto la pumzi zako linatokea juu kwenye mwanya. Ndiyo maana paa la makuti linasimama wima hivyo: mvua iteleze upesi, hewa ya moto ipate pa kupandia.

Nimeona hoteli kama hizi wakiamua "kuboresha". Wanaziba matundu, wanapigilia dari la mbao laini, wanafunga kiyoyozi. Mwaka mmoja ukuta una fangasi mweusi. Sababu ni kwamba kibanda hakizibiki kabisa, hewa ya bahari iliyojaa unyevu inaingia kila upenyo, inakuta ukuta wa baridi, inageuka maji. Kabla ya kiyoyozi ukuta ulikuwa mkavu. Wageni wanaandika kwamba hoteli imechakaa, kumbe imechakazwa na matengenezo.

#23 Kaka Mizani

Kwa hiyo sasa kutotengeneza ni sifa. Uzi huu bwana.

#24 Niliyekuwa Mapokezi

Kaka Mizani, hilo la Fundi nimeliona kwa macho. Vyumba vitatu vilifungwa viyoyozi kwa sababu wakala aliahidi kuleta wageni wa bei ya juu. Ndivyo vyumba tulivyokuwa tunarudishiwa funguo usiku. Wageni wazoefu wakifika mapokezi wanasema mapema: tupe chumba cha feni.

#25 Daktari wa Usingizi wa Kujitegemea

Mnaipa sifa dirisha, sifa ni za simu. Mtoro kataja kitanda, chandarua, pangaboi. Hakutaja runinga. Giza liliingia mapema, hakuwa na taa ya maana ya kusomea, akalala saa ambazo babu yake alikuwa analala. Mwili wa mtu unataka giza ndipo ulegee. Mpeleke kwenye banda lolote lisilo na mwanga atalala.

#26 Shemeji wa Kaskazi

Na mawimbi je? Sauti inayojirudia bila maneno inafunika mbwa, pikipiki na watu wanaoongea. Vioo viwili vya hoteli mpya vinaizuia, ukabaki unasikiliza kiyoyozi kinavyowaka na kuzima.

#27 Kibiriti Ngoma

Au alichoka kutembea kufuata maji yaliyokupwa.

#28 Mama Kibaraza

Kibiriti umenivunja mbavu. Ila Daktari, hoteli ya kioo nayo ina giza ukivuta pazia. Mbona aligaagaa?

#29 Daktari wa Usingizi wa Kujitegemea

Alikuwa anahesabu alicholipa.

#30 Bolti Moja

Nimepitia hapa kwa ajili ya pangaboi tu. Mkuu mleta uzi, pangaboi linalozunguka polepole hata ukilifungulia mwisho, mara nyingi ni kapasita imechoka. Ni kidude kidogo ndani ya kile kikombe cha juu. Njia ya kupima: zima, usubiri lisimame, washa, ulisukume kwa kijiti cha ufagio. Likichangamka baada ya kusukumwa, kapasita hiyo.

#31 Fundi Koleo

Au umeme wenyewe mdogo. Hoteli ziko mwisho wa laini, kila kibanda kimeongezewa waya mwembamba kutoka kibanda cha jirani. Jioni wote wakiwasha hita ya maji, wa mwisho anabaki na mabaki. Njia ya kupima ni kuangalia taa: ikififia saa hizo hizo, kapasita haina kosa.

#32 Niliyekuwa Mapokezi

Na kuna sababu ya tatu mafundi hawaijui. Tuliyafunga yasifike mwisho makusudi. Boriti za zamani hazipendi mtikisiko, na mgeni akiona pangaboi linayumba juu ya chandarua hatalala hata ukimwapia.

#33 Mpenda Historia

Nimechelewa, salaam kwa wote. Nahodha kaifuta Maldives kwa bahari yake, sawa, lakini msiidhanie imeanza na anasa. Hoteli ya kwanza ya kitalii kule, Kurumba, ilifunguliwa mwaka 1972, vyumba vya mawe ya matumbawe na paa la makuti ya mnazi, karibu sana na hivi vya Mtoro. Anasa ya kulala juu ya maji ilikuja baadaye, nayo wakaibuni wao.

#34 Nahodha wa Nchi Kavu

Mpenda Historia, pole, hiyo ya juu ya maji si ya Maldives. Vya kwanza vya hoteli vilijengwa Polinesia ya Ufaransa miaka ya 1960. Raiatea mwaka 1967, wale Wamarekani watatu waliokuwa wanaitwa vijana wa Bali Hai. Inasimuliwa kwamba hoteli yao ya Raiatea haikuwa na ufukwe wa mchanga, wakaona bora wawapeleke wageni kwenye maji yenyewe.

#35 Mpenda Historia

Sawa nahodha, ila mawe ya matumbawe hunipokonyi. Na hapo kuna kisa chungu: mawe yale yalichimbwa miambani, na mwamba ndio unaovunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Unajenga ukuta kwa kubomoa ukuta.

#36 Mama Kibaraza

Hiyo inanirudisha kwa ngazi ya Mtoro. Maji kufika ngazi ya mwisho, ni bamvua tu au ufukwe umeliwa? Hoteli za mwanzo zilikaa karibu mno na maji kwa sababu hakuna aliyezuia.

#37 Mwalimu wa Ramani

Inaweza kuwa msimu pia. Mchanga wa kisiwa haukai. Maldives unahamia upande huu na ule wa kisiwa kwa kufuata pepo za msimu, miezi sita una ufukwe mpana mlangoni, miezi sita mingine anao jirani. Mtu akifika mara moja akakuta maji ngazini anasema kisiwa kinazama. Arudi kwenye msimu mwingine ndipo aseme. Ikiwa ufukwe haurudi hata msimu wake, hapo ndipo pa kuogopa.

#38 Kaka Mizani

Na mwenye hoteli jirani akijenga ukuta wa zege kuzuia maji, mchanga wa huyu mwenye vibanda ndio unaoondoka. Nimeliona hilo. Leo namtetea, msizoee.

#39 Kibiriti Ngoma

Andikeni tarehe. Sasa turudi kwenye mambo ya msingi: nini kilikuwa kinatembea juu ya paa?

#40 Pweza Mkavu

Nilikuwa nasubiri hili tangu #1. Picha sasa sitaki tena.

#41 Shemeji wa Kaskazi

Komba. Kama ni visiwa alivyotaja Nahodha, Unguja na Pemba wamejaa. Anatoka usiku, anaruka kutoka mti hadi paa, na analia kwa sauti ya mtoto mchanga. Mtoro, ulisikia mtoto analia?

#42 Mtoro wa Ofisi

Mtoto hapana. Hatua tu. Tap. Kimya. Tap. Kimya kirefu. Halafu kitu kinaburuzwa.

#43 Nahodha wa Nchi Kavu

Kuburuzwa? Kaa wa nazi. Anatoka usiku, anapanda miti, mkubwa anafika kilo 4, hakuna mnyama wa jamii yake wa nchi kavu mkubwa kuliko yeye. Wapo mpaka kisiwa cha Chumbe hapo Unguja. Na ana tabia ya kubeba vitu vya watu.

#44 Niliyekuwa Mapokezi

Kaa wa nazi kwenye hoteli yenye watu na mbwa? Alishatafutwa akaisha zamani. Hao wamebaki pale walipolindwa. Mimi nasema popo. Wale wakubwa wa matunda wanatua kwenye mti uliolalia paa, wanatambaa kwa makucha ya mbawa, na wanaangusha makokwa. Asubuhi tulikuwa tunafagia makokwa yenye alama za meno.

#45 Fundi Koleo

Hakuna mnyama. Mchana boriti na makuti yanakauka na kusinyaa, usiku unyevu unarudi, mbao zinavimba na kusogea. Sauti inatoka hapa, kimya, inatoka pale. Sikio la mtu aliyelala gizani linaunganisha, linapata mguu.

#46 Mama Kibaraza

Na kuburuzwa?

#47 Fundi Koleo

Kuti lililolegea, na upepo.

#48 Daktari wa Usingizi wa Kujitegemea

Panya. Mnakimbilia kaa na komba, panya mmoja juu ya makuti makavu ana kishindo cha mtu mzima. Ila hakuna anayependa kusimulia panya.

#49 Kibiriti Ngoma

Na majini, ndugu zangu wasioonekana, mnawaacha wapi? Mzee anayejua ubao wa kutokanyaga, mlimuuliza amejuaje?

#50 Mtoro wa Ofisi

Nilimuuliza huyo mzee kuhusu hatua. Akasema miaka yote zipo, na kwamba zamani zilikuwa upande wa chumba cha mwisho, kilipovunjwa zikahamia chetu. Alisema hivyo huku anajaza fumbo la maneno kwenye gazeti, wala hakuinua uso.

#51 Shemeji wa Kaskazi

Komba huyo. Alikosa paa, kahama. Wanyama wana njia zao.

#52 Fundi Koleo

Kilipovunjwa kibanda cha jirani upepo ukapata njia ya kupiga paa lenu. Yale yale.

#53 Niliyekuwa Mapokezi

Njia ya kumaliza ubishi ni rahisi. Atakayekwenda anyunyize majivu au unga laini kwenye kibaraza chini ya ukingo wa paa kabla ya kulala. Mnyama yeyote atashuka wakati fulani. Kaa anaacha mistari, panya vidole, komba viganja.

#54 Kibiriti Ngoma

Na asipoona kitu?

#55 Niliyekuwa Mapokezi

Fundi atafurahi na wewe utahama chumba.

#56 Kaka Mizani

Wakuu, nauliza kwa faida ya wengine, si kwamba naenda. Chandarua chao kilikuwa kizima? Maana mbu wa malaria anauma usiku, lakini wa dengi anauma mchana, huyo chandarua hakimzuii ukiwa umekaa kibarazani.

#57 Mtoro wa Ofisi

Kina matundu mawili, yamefungwa fundo kwa uzi. Dawa ya kujipaka ubebe, na mchana ukae penye upepo. Kwani unakwenda lini?

#58 Kaka Mizani

Nimesema nauliza tu. Intaneti ipo?

#59 Mtoro wa Ofisi

Inashika ukisimama karibu na kisima. Foleni inaanza saa moja jioni.